Mbwa wa huduma, mbwa wa shule, farasi mdogo au msaidizi mtu: yupi atamfaa mwanao darasani?

Mzazi wa mtoto mwenye ulemavu anayesoma shule ya umma nchini Marekani hapungukiwi washauri. Mmoja atamwambia amtafutie mtoto mbwa wake mwenyewe. Mwalimu atamkumbusha kwamba shule tayari ina mbwa mpole anayepita madarasani. Jamaa atamtumia video ya farasi mdogo akimwongoza mtu asiyeona kuvuka barabara. Na mkuu wa shule atauliza: mtoto ana msaidizi wa kumhudumia siku nzima, mnyama wa nini tena? Kila mmoja ana hoja yake, ila wanazungumzia kazi tofauti, na mzazi analazimika kuchagua kana kwamba zote ni kazi moja.

Ushauri wangu, na ndio utakaoongoza ulinganisho huu, ni kuanza na kazi kabla ya kumfikiria mnyama. Chukua karatasi uifuate siku ya shule ya mwanao tangu anaposhuka kwenye basi hadi anapopanda kurudi nyumbani. Andika pale anapokwama: mlango mzito, penseli iliyoanguka, koti lisilovulika, kengele ya moto inayomfanya atimue mbio, safari ya chooni, kifafa kinachokuja bila hodi. Mbele ya kila mstari andika ni nani anamsaidia sasa. Karatasi hiyo itakufaa kuliko picha yoyote ya mbwa aliyevaa kizibao.

## Tunawalinganisha nani, kwa vigezo gani

Mbwa wa huduma ni wa mtoto mmoja. Amefundishwa kazi mahususi inayohusiana moja kwa moja na ulemavu wa mtoto huyo. Mbwa wa shule ni mbwa wa tiba: amefundishwa utulivu na utii, anashikwa na mfanyakazi wa shule au mtu wa kujitolea, na anawahudumia watoto wote. Farasi mdogo ni farasi wa kimo cha chini kabisa, anayefundishwa kazi zinazofanana na za mbwa wa huduma, hasa kumwongoza asiyeona na kuwa mhimili wa kuegemea. Msaidizi mtu ni mfanyakazi wa shule anayekaa karibu na mtoto, mara nyingi akisaidiana na vifaa kama fimbo nyeupe, tableti ya kuzungumzia au kipima sukari kinachobandikwa mwilini.

Nitawapima wote kwa mambo matano: kazi wanayoiweza, nani anawashika na kuwaangalia wakiwa shuleni, haki yao ya kuingia, fedha na muda, na hali ya wengine darasani.

Kuna wa tano niliyemwacha nje kwa makusudi, naye ni mnyama wa faraja wa nyumbani: paka, sungura, au mbwa asiyefundishwa kazi yoyote. Huenda anamtuliza mwanao kweli, na hilo silidharau. Lakini kwa sheria ya Marekani, kumfariji mtu kwa kuwa karibu naye tu hakuhesabiwi kuwa kazi, hivyo shule haina wajibu wa kumpokea. Kinachoniuma ni kwamba wazazi wanauziwa mtandaoni vyeti, kadi na vizibao vya kumgeuza mnyama wa faraja kuwa mbwa wa huduma. Wizara ya Sheria ya Marekani imesema wazi kwamba haivitambui vyeti hivyo. Usitoe hata senti.

## Kazi anayoiweza kila mmoja

Mbwa wa huduma anafaa zaidi pale kazi inapokuwa ndogo, inajirudia mara nyingi kwa siku, na mtoto angependa kuifanya bila kumwita mtu mzima. Mfano unaojulikana ni wa msichana wa Michigan mwenye mtindio wa ubongo, ambaye kesi yake ilifika Mahakama ya Juu. Mbwa wake, Wonder, alifundishwa kuokota vitu vilivyoanguka, kufungua na kufunga milango, kuwasha na kuzima taa, kumpa mizani anapotembea na fremu yake, kumvua koti, na kumsaidia kukaa na kuinuka chooni.

Hebu tazama hilo la koti peke yake jinsi mbwa wa namna hii anavyolifanya. Mtoto ananyoosha mkono. Mbwa anabana ncha ya mkono wa koti kwa meno ya mbele bila kugusa ngozi, kisha anarudi nyuma hatua kwa hatua huku mtoto akichomoa mkono wake. Anazunguka upande wa pili na kurudia. Koti limevuka na hakuna mtu mzima aliyeitwa. Jambo hilo likifanyika kila asubuhi mbele ya wenzake, wenzake nao wanaanza kumwona kama mtoto anayejivulia koti.

Kwa mtoto mwenye usonji, mbwa hufundishwa kulala juu ya mapaja yake na kumwekea uzito kelele zinapomzidi, au kumkatiza kwa pua anapoanza kujipiga. Wapo wanaofungwa na mtoto kwa mkanda ili akitaka kukimbia mbwa ajikite chini. Njia hiyo inataka mtu mzima awe ameshika kamba ya mbwa muda wote, na baadhi ya wakufunzi wameachana nayo kwa sababu mbwa anaweza kuburuzwa akaumia. Utafiti uliofanyika Kanada na kuchapishwa mwaka 2010 uliwafuatilia watoto 42 wenye usonji kwa kupima kortiso, homoni ya msongo ambayo kwa kawaida hupanda mtu anapoamka. Kabla ya mbwa kuja ilipanda kwa asilimia 58. Mbwa alipokuwepo ilipanda kwa asilimia 10. Alipoondolewa ikarudi kwenye 48. Ni matokeo ya kutia moyo, ila kumbuka yalipimwa nyumbani, siyo katikati ya darasa lenye watoto thelathini.

Kwenye kifafa na kisukari nawaomba wazazi wawe waangalifu zaidi. Mbwa anaweza kufundishwa vizuri kabisa kuitikia kifafa kinapoanza: kubaki kando ya mtoto, kubweka kuita watu, kubonyeza kitufe cha dharura. Kukitabiri ni jambo jingine. Wapo mbwa wanaoonyesha dalili ya kuhisi kabla, lakini hakuna mkufunzi mkweli anayeweza kukuahidi kwamba wako atafanya hivyo. Hali ni hiyo hiyo kwa sukari inayoshuka: mbwa wengine huinusa, wengine huikosa, wengine huarifu wakati hakuna kitu. Kipima sukari kinachobandikwa mwilini kinatuma taarifa kwenye simu ya muuguzi wa shule na ya mzazi kwa wakati mmoja. Ukipata mbwa, awe wa kuongezea kifaa hicho. Kisiondolewe.

Mbwa wa shule hana kazi ya mtoto mmoja, na hapo ndipo uzuri wake na mpaka wake vilipo. Anakaa kwenye ofisi ya mshauri mtoto anayelia akapata kitu cha kushika. Anajilaza kwenye zulia mtoto mwenye kigugumizi au anayechelewa kusoma akamsomea kitabu kwa sauti, mbele ya msikilizaji asiyemsahihisha wala kumcheka. Mpango wa kuwasomea mbwa ulianzia Salt Lake City mwaka 1999 na tangu hapo umeenea nchi nyingi. Wazo lenyewe ni la zamani kidogo: miaka ya 1960 mwanasaikolojia wa watoto wa New York, Boris Levinson, alikuwa tayari anaandika jinsi mbwa wake Jingles alivyowafungua vinywa watoto waliogoma kuzungumza. Lakini mbwa wa shule hatamfuata mwanao chooni, hatamzuia asikimbilie barabarani, na saa nne asubuhi mwanao anapomhitaji anaweza kuwa darasa la tatu na mtoto mwingine.

Farasi mdogo ana kimo cha sentimita 61 hadi 86 mabegani na uzito wa kilo 32 hadi 45 hivi. Anaona karibu pande zote bila kugeuza kichwa, ana miguu imara, na anafaa kwa mtoto anayehitaji kuongozwa au kuegemea. Asichoweza ni kujikunja chini ya dawati au kukuletea penseli.

Msaidizi mtu anafanya yale ambayo hakuna mnyama atakayeyafanya: kubadilisha nepi, kutoa dawa, kulisha kwa mrija, kuelewa kwamba leo mtoto ana homa na siyo ukaidi. Anaamua. Udhaifu wake unajulikana kwa walimu wengi. Mtu mzima akikaa ubavuni mwa mtoto siku nzima, watoto wengine hukaa mbali, na mtoto mwenyewe huzoea kungoja kufanyiwa. Tena watu hubadilika: huyu kahama, huyu anaumwa, aliyeletwa leo hajui ishara za mtoto.

## Nani anashika kamba?

Hapa ndipo mipango mingi mizuri huvunjika, na hapa ndipo naomba ukae muda mrefu zaidi.

Sheria inataka mnyama awe chini ya mamlaka ya mtu anayemwongoza wakati wote: kwa kamba, au kama ulemavu hauruhusu kamba, kwa sauti na ishara. Shule haiwajibiki kumlisha, kumpa maji, wala kumpeleka nje kujisaidia. Kijana wa miaka 15 mwenye kiti cha magurudumu anaweza kuyabeba hayo mwenyewe. Mtoto wa miaka 6 asiyezungumza hawezi. Kwa hiyo mashirika mengi yanayotoa mbwa kwa watoto hufundisha watatu kwa pamoja, yaani mbwa, mtoto na mtu mzima ambaye mara nyingi ni mzazi, na mbwa huchukua amri kwa mtu mzima. Baadhi ya mashirika hayaruhusu mbwa aende shuleni bila mtu huyo. Liulize shirika swali hili kabla hujajaza fomu yoyote, kwa sababu jibu linaweza kumaanisha kwamba wewe mwenyewe utakaa darasani kila siku, au utamlipa mtu.

Je, mfanyakazi wa shule hawezi kusaidia? Inategemea anasaidia nini. Mwaka 2015 mahakama ya shirikisho ya Florida iliamua kesi dhidi ya bodi ya shule ya Broward. Mtoto alikuwa na mtindio wa ubongo na mbwa wake alifungwa kwenye kiti chake cha magurudumu. Shule ilidai mama alete mshikaji na bima. Mahakama ilikataa: mbwa akiwa amefungwa kwenye kiti, mtoto ndiye mshikaji, na kumsindikiza mtoto anapompeleka mbwa nje ni kumhudumia mtoto, wala siyo kumtunza mbwa. Uamuzi huo uliwapa moyo wazazi wengi. Lakini ulikuwa wa mbwa aliyetulia na mtoto ambaye tayari alikuwa na mtu wa kumsindikiza, na mahakama za maeneo mengine hazilazimiki kuufuata.

Mbwa wa shule anakuondolea mzigo huu wote. Mwalimu au mshauri aliyefundishwa naye ndiye anayemshika, anakuja naye asubuhi na kurudi naye kwake jioni. Ubaya wake ni kwamba mwalimu huyo akiugua, mbwa naye haji, na akihamia shule nyingine ndiyo kwa heri. Farasi mdogo yuko chini ya kanuni zile zile za mshikaji, na nyumbani lazima uwe na zizi na eneo la wazi. Msaidizi mtu anasimamiwa na shule yenyewe, na akikosekana shule ndiyo inayotakiwa kutafuta mwingine.

Fanya jaribio hili. Andika majina ya watu halisi mbele ya maswali matatu: nani atampeleka mbwa nje asubuhi, nani atamshika kengele ya moto ikilia, nani atapanda naye basi. Ikibaki nafasi hata moja tupu, bado hamjawa tayari kwa mbwa wa huduma, hata kama mtoto anamhitaji.

## Haki ya kuingia shuleni

Sheria kuu ni ile ya Wamarekani Wenye Ulemavu ya mwaka 1990, inayojulikana kwa herufi ADA. Kanuni zake mpya zilizoanza kutumika tarehe 15 Machi 2011 zilibana sana: mnyama wa huduma ni mbwa tu. Nyani, ndege na wengineo waliondolewa. Farasi mdogo aliwekewa kifungu chake: shule inatakiwa kumruhusu inapowezekana, ikitazama ukubwa wake kulingana na jengo, kama anatawalika, kama amefundishwa kutojisaidia ndani, na kama hahatarishi usalama.

Mbwa wa huduma anaingia popote wanafunzi wanaporuhusiwa. Kazi yake isipokuwa dhahiri kwa macho, shule inaweza kuuliza maswali mawili tu: je, mbwa huyu anahitajika kwa sababu ya ulemavu? Na amefundishwa kufanya nini? Haiwezi kudai cheti, kadi au kizibao, wala kumtaka mbwa aonyeshe kazi yake. Sheria haidai pia kwamba afundishwe na shirika. Familia inaweza kumfundisha yenyewe. Shule inaweza kumtoa mbwa kwa sababu mbili: akiwa hatawaliki na mshikaji hachukui hatua, au akijisaidia ndani. Hata hapo, mtoto anabaki na haki ya kuendelea na masomo bila mbwa. Angalia pia aina ya shule. Shule zinazoendeshwa na taasisi za dini hazifungwi na ADA, ingawa zikipokea fedha za serikali kuu zinaweza kufungwa na kifungu cha 504 cha sheria ya mwaka 1973, kinachokataza kuwabagua wenye ulemavu.

Mbwa wa shule hana haki yoyote ya namna hii. Anaingia kwa ridhaa ya mkuu wa shule na wilaya, na anaweza kuondolewa kwa uamuzi wao.

Msaidizi mtu ana njia yake. Sheria ya elimu ya watoto wenye ulemavu, yenye mizizi mwaka 1975, inampa kila mtoto anayestahili mpango wake wa elimu wa maandishi, ule unaoitwa IEP. Msaidizi akiandikwa humo, shule inawajibika kumtoa bila malipo. Kwa maoni yangu ndiyo njia yenye uhakika kuliko zote nne, na wazazi wasiidharau kwa sababu tu haina mkia wa kutikisa.

Kwa sababu njia za kisheria ni mbili, ya mbwa na ya msaidizi, shule nyingi husema: mtoto ameshapewa msaidizi, kwa hiyo mbwa hahitajiki. Ndivyo alivyoambiwa yule msichana wa Michigan. Mwaka 2012 ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu iliikataa hoja hiyo: ikasema ni sawa na kumtaka mwanafunzi wa kiti cha magurudumu abebwe na mtu, au asiyeona aongozwe kwa mkono wakati ana fimbo au mbwa wake. Familia yake ilipofungua kesi, Fry dhidi ya Napoleon Community Schools, Mahakama ya Juu iliamua tarehe 22 Februari 2017 kwa kauli moja ya majaji wanane kwamba kama dai halihusu ubora wa elimu, mzazi halazimiki kuzimaliza kwanza ngazi zote za malalamiko ya elimu. Jaji Elena Kagan alitoa vipimo viwili: dai hilo lingewezekana dhidi ya maktaba au ukumbi wa umma? Mtu mzima anayeitembelea shule angeweza kulileta? Jibu likiwa ndiyo, yaelekea ni suala la kuingia, siyo la elimu. Tuwe wakweli: hukumu hiyo ilihusu njia ya kwenda mahakamani, haikutamka kwamba kila mtoto lazima apewe nafasi ya kuja na mbwa.

## Fedha, foleni na miaka

Kumlea na kumfundisha mbwa wa huduma huchukua miaka miwili hivi na hugharimu makumi ya maelfu ya dola. Nani analipa hutofautiana. Canine Companions, lililoanzishwa California mwaka 1975, halimtozi mpokeaji gharama ya mbwa. 4 Paws for Ability la Ohio, lililoanza mwaka 1998 na linalojulikana kwa kuwapokea watoto wadogo, huitaka familia ichangishe sehemu ya fedha. Kote kuna foleni, na kungoja mwaka au zaidi ni kawaida. Mashirika ya mbwa wa kuongoza wasioona mara nyingi hayapokei walio chini ya miaka 16. Tofauti inayojulikana ni Mira, lenye asili yake Québec, ambalo tawi lake la Marekani huwapa wa miaka 11 hadi 17.

Kisha kuna hesabu ambayo watu hawapendi kuipiga. Mbwa huanza kazi akiwa na miaka miwili hivi na kustaafu akikaribia kumi. Mtoto akimpata akiwa na miaka 6, ataagana naye akiwa na 14, umri ambao tayari una misukosuko yake. Zungumzeni mapema atabaki nyumbani akistaafu au la, na foleni ya wa pili mtaianza lini.

Farasi mdogo huishi miaka 25 hadi 35, kwa hiyo anaweza kumfikisha mtoto utu uzima. Gharama yake iko kwenye zizi, lishe, kwato na usafiri, na miji mingi hairuhusu kumfuga. Mbwa wa shule na msaidizi mtu hawakugharimu kitu mfukoni. Wanakugharimu mikutano na barua.

## Wengine darasani

Aleji na hofu ya mbwa ni mambo halisi, na mtoto mwenye pumu naye ana haki zake. Hata hivyo kwa mujibu wa Wizara ya Sheria hayatoshi kumkatalia mtu mbwa wa huduma: shule inatakiwa kuwapatia nafasi wote wawili, kwa mfano kuwakalisha pande tofauti za chumba au vyumba tofauti. Kwa mbwa wa shule mizani inalala upande wa pili. Kwa kuwa yuko kwa hiari, mtoto mwenye aleji au anayemwogopa ndiye anayepewa kipaumbele.

Familia nyingi za Kiislamu hulipata swali hili kwa uzito wa ziada. Wafuasi wa madhehebu ya Shafi, ambao ni wengi kati ya Waislamu wasomao Kiswahili, wana msimamo mkali kuhusu mate na unyevu wa mbwa. Wale wa madhehebu ya Maliki wana mtazamo mwepesi zaidi, na Kurani yenyewe inamtaja mnyama aliyefundishwa kuwinda. Ongea na shehe wako ukiwa na orodha ya kazi mkononi, maana kulijibu swali la haja ni tofauti na kulijibu swali la mnyama wa kuchezea. Wapo waliopata njia nyingine: huko huko Michigan, mwanamke Mwislamu asiyeona alichagua farasi mdogo kwa sababu wazazi wake hawakuweza kukaa na mbwa nyumbani.

Mfikirie pia mnyama. Saa saba za kengele, vishindo vya mpira na mikono ya watoto zinachosha. Darasa lifundishwe siku ya kwanza: akiwa kazini haguswi, haitwi, halishwi.

## Kulingana na hali yako

Kama mwanao ana ulemavu wa viungo, anaelewa na kutoa maelekezo, na kwenye karatasi yako kuna kazi ndogo nyingi zinazojirudia, mbwa wa huduma anastahili foleni na gharama. Umri wa miaka 10 au 11 kwenda juu hurahisisha, kwa kuwa anaweza kuwa mshikaji mwenyewe.

Kama ni mtoto mdogo mwenye usonji anayekimbia, mbwa anaweza kuibadilisha safari ya sokoni na usingizi wa usiku hata kama hatakwenda shuleni kamwe. Shuleni, anza na msaidizi mtu na milango salama. Familia kadhaa huishi hivyo kwa miaka na zinaridhika.

Kama shida kubwa ni wasiwasi, upweke au kusoma, omba muda maalumu na mbwa wa shule, siku na saa, badala ya kungoja apite. Kama shule haina, ni ombi ambalo wazazi wengi wanaweza kulipeleka pamoja.

Kama kuna dawa, mrija, kifafa cha mara kwa mara au choo kinachohitaji mikono, msaidizi mtu na muuguzi ndio msingi. Mbwa anaweza kuja juu yake, asije mahali pake.

Kama mtoto haoni au huyumba anapotembea, mbwa haiwezekani nyumbani, na mnaishi penye nafasi, peleleza habari za farasi mdogo, ukitembelea kwanza jengo la shule kuona ngazi, korido na lifti.

Na kama bado unasita, usisubiri uamuzi ndipo uombe msaada. Omba kwa maandishi mkutano wa IEP sasa hivi kwa ajili ya msaidizi, na wakati huo huo tuma maombi kwa shirika la mbwa. Shule ikikubali kipindi cha majaribio, andikeni kabla ya siku ya kwanza mbwa atafanya kazi zipi, wapi na saa ngapi. Katika majaribio ya Michigan ya mwaka 2010, Wonder alitakiwa kukaa nyuma ya darasa, mbali na msichana wake, na majaribio ya namna hiyo hayawezi kuonyesha kama mbwa anasaidia au hasaidii.